Fundi wa Baiskeli Anajibu: Kisigino Kwanza

Mwezi huu matairi na beringi zisubiri. Zimefika barua nne zinazohusu jambo moja: baiskeli ya kuegemea na mwili usiofanana na wa mtu aliyechorwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Kwa asiyeijua, hii ni baiskeli ambayo hukai juu ya tandiko, unakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu umeitanguliza, pedeli ziko mbele yako. Nyingi zinazopita karakana yangu hapa Moshi zina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Zinakuja kwenye makontena pamoja na friji na magodoro, au zinaachwa na wasafiri waliochoka kupedeli wakaamua kurudi kwao kwa ndege.

Mimi ninayo moja ya namna hiyo. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kwa sentimita nne na nusu, polio ya utotoni, na shavu lake ni jembamba kama la mtoto. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa niliyajaribu kwanza kwangu, na mengine yaliniumiza kwanza mimi.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka 66, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Miaka miwili iliyopita nilipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Natembea kwa mkongojo. Mkono wa kushoto unashika lakini hauna nguvu, unyayo unaning'inia, na goti likikunjwa sana linauma. Binti yangu aliyeko Ujerumani amenitumia baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu. Siku ya kwanza wajukuu walinisukuma uani, mguu wa kushoto ukachomoka kwenye pedeli, ukagusa chini, ukavutwa nyuma. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Tangu siku hiyo imefunikwa turubai. Fundi wa hapa anasema aikate fremu, aifupishe, aichomelee. Nikubali?*

Shikamoo mwalimu. Pole sana, na pole zaidi kwa hayo makelele, kwa sababu najua yalivyotoka.

Usikubali. Fremu haikatwi. Kwanza haina haja, nitakueleza. Pili, kama ni ya aloi, ukiichomelea kwa mashine ya kutengenezea mageti na grili za madirisha itashika leo na kukatika siku utakayokuwa kwenye mteremko.

Tuanze na mguu uliochomoka, maana mengine yote ni starehe mbele ya hilo. Kwenye baiskeli ya kawaida mguu ukichomoka unaning'inia tu. Kwenye ya kuegemea mguu uko mbele ya kiti. Ukigusa ardhi, ardhi inaushika, kiti na uzito wako wote vinaendelea kwenda mbele, na fremu inapita juu ya mguu wako mwenyewe. Mwaka 2012 nilikuwa nashuka kutoka Kibosho kuja mjini, mwendo wa kawaida kabisa, kiatu changu cha kulia kikateleza kwa sababu ya umande. Sikuanguka. Baiskeli ya magurudumu matatu haianguki kirahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu iliendelea kwenda. Nikasikia goti linasema tak. Wiki sita sikuukanyaga ule mguu, na mke wangu mpaka leo akiona viatu vyangu vimelowa ananinyang'anya.

Kwa hiyo, mwalimu, usipande tena hata uani mpaka kisigino cha kushoto kiwe na nyumba yake. Kuna pedeli za kununua zenye kikombe cha kisigino na nguzo ya kushika shavu la mguu, na binti akizipata azilete. Lakini yangu niliitengeneza kwa bomba la maji taka la inchi nne. Unakata kipande chenye urefu wa kiatu chako na kukipasua upande mmoja. Unakipasha juu ya jiko la mkaa, mbali na moto, uko nje na upepo uko mgongoni kwako, kwa sababu moshi wa plastiki ile si wa kuvuta. Kikilegea kama ngozi iliyolowekwa, unakifinyanga kwenye kisigino cha kiatu cha zamani kilichojazwa matambara. Nasisitiza, kiatu kilichojazwa matambara, si kiatu kilichovaliwa. Nina mteja aliyeona uvivu kutafuta matambara, akaungua.

Kikipoa kinakuwa kigumu. Ndani unabandika soli ya kandambili ili kisichubue. Chini unakifunga kwenye pedeli pana kwa vipande viwili vya bati nene na bolti nne, vichwa vya bolti vikiwa vimezama kwenye ile soli. Kwa kuwa mguu wako umelegea, bila shaka goti linapenda kuangukia nje. Basi ongeza nguzo mbili za bati kutoka kwenye kikombe hadi katikati ya shavu la mguu, uzivike mpira, na ukanda upite mbele ya ugoko. Ukanda wenyewe uwe ule wa kunata wa viatu vya watoto wa shule, ambao unaufungua kwa mkono wa kulia kwa mvuto mmoja. Kamba ya kufunga fundo, hapana. Siku ya dharura hakuna anayefungua fundo.

Jambo moja dogo ambalo fundi wa viungo bandia aliyesomea TATCOT, kile chuo kilichopo hapa kwenye hospitali ya KCMC, alinionyesha baada ya kuniangalia dakika tano tu: ekseli ya pedeli usiiweke chini ya vidole kama wanavyofanya vijana wa mbio. Irudishe chini ya katikati ya unyayo. Ikiwa mbele, kifundo cha mguu kinalazimika kufanya kazi ya kuzuia unyayo usikunjike, na chako hakiwezi. Ikirudi katikati, kifundo kinapumzika na paja linasukuma.

Sasa urefu. Angalia bomba la mbele lililobeba krenki, ile mikono ya chuma inayoshika pedeli: limeingia ndani ya fremu kama mguu wa meza ya kukunja, limebanwa kwa bolti moja au mbili. Zilegeze, lisogeze, kaza. Ndiyo sababu fremu haikatwi. Kaa kitini umeegemea kabisa, umevaa viatu utakavyopandia, mjukuu azungushe krenki taratibu mpaka pedeli ya kushoto ifike mbali kabisa. Goti libaki limekunjika kidogo. Mguu ulio dhaifu ndio unaoamua urefu, mzima utajipanga wenyewe. Na kwa mtu aliyepata kiharusi mimi huongeza mkunjo kidogo zaidi, kwa sababu goti lililolegea likinyooka kabisa linaweza kupitiliza kwenda nyuma.

Ukisogeza bomba, cheni nayo inabadilika, na hapa wewe mwalimu wa hesabu utafurahi. Cheni inakwenda mbele na kurudi, kwa hiyo kila sentimita moja ya bomba inadai sentimita mbili za cheni. Jozi moja ya pingili ina milimita 25.4. Ukilivuta bomba karibu yako kwa milimita 12.7, umepata jozi moja ya ziada. Gia ya nyuma inaweza kuumeza ulegevu kidogo, ukizidi toa jozi. Zilizotolewa ziweke kwenye mfuko wa plastiki wenye mafuta na uufunge chini ya kiti. Siku ukipata nafuu ukataka kulirudisha bomba mbele, utazihitaji, na cheni ya baiskeli hizi ni ndefu karibu mara tatu ya ya kawaida.

Kuhusu maumivu ya goti, dawa yake ni krenki fupi. Krenki ya kawaida ni milimita 170, maana yake mguu unachora duara lenye upana wa sentimita 34. Ukiweka ya 150, duara linakuwa sentimita 30. Kisha, na wengi husahau hili, unalisukuma bomba mbele kwa sentimita mbili, kwa sababu pedeli ya mbali imekusogelea. Matokeo yake, pale goti lilipokuwa linakunjika kupita kiasi, pedeli sasa iko mbali nawe kwa sentimita nne zaidi. Sentimita nne kwenye goti bovu ni tofauti ya kupanda na kutopanda. Unaweza kufupisha ya kushoto peke yake. Mimi mwenyewe nina 170 kushoto na 145 kulia, na baada ya siku tatu nilisahau kama hazilingani. Kama krenki yako ni aloi nene isiyo na uwazi ndani, fundi wa kukereza anaweza kuitoboa tundu jipya milimita 20 kutoka la zamani. Mwambie uzi wa skrubu ya pedeli ni wa tisa juu ya kumi na sita ya inchi, nyuzi ishirini kwa inchi, na upande wa kushoto uzi unakwenda kinyume. Asipokuwa na tepu ya kinyume, yaani chombo cha kukatia uzi huo, ondoka na krenki yako kwa upole.

Breki. Baiskeli hizi kwa kawaida liva ya kulia inashika gurudumu la kulia, ya kushoto la kushoto. Ukiminya ya kulia peke yake, pua inavutika kulia, yaani katikati ya barabara. Mwombe binti liva moja inayovuta waya mbili kwa pamoja, ni kitu kidogo kinachoingia kwenye bahasha, uifunge upande wa kulia. Lakini usibaki na hiyo tu. Liva ile ikikatika zimekwenda breki zote mbili, kwa hiyo weka breki ya tatu kwenye gurudumu la nyuma yenye liva yake. Hiyohiyo ndiyo itakayokuwa breki ya kuegeshea: unaiminya, unaivika kipande cha tyubu, haitembei.

Gia za mbele ziache kwenye meno ya kati, uusahau waya wake. Tanga ni tambarare, kutoka Ngamiani hadi Raskazone utahangaika na upepo wa bahari tu. Gia za nyuma tayari ziko mkono wa kulia.

Umeniambia habari za kupanda, hukuniambia habari za kushuka. Kiti kile kiko chini kama kigoda, na mtu wa kiharusi anaingia kwa kuangukia na anatoka kwa kubebwa. Bana breki ya nyuma kwa ile tyubu kabla hujakalia. Kisha mwambie yule fundi aliyetaka kukata fremu kwamba kazi ipo: akutengenezee mshikio wa bomba upande wa kulia, unaobanwa kwenye fremu kwa klampu bila kuchomelea, urefu wa kufika kwenye kiwiko chako ukiwa umekaa. Unaushika, unaegemea mbele, pua juu ya magoti, unanyanyuka. Kama kiti bado kiko chini, mto mgumu wa sentimita tano utakusaidia, ila ukumbuke kupima upya urefu wa bomba, kwa sababu mto umekusogeza.

Na mtaalamu wako wa mazoezi ya viungo aione kabla ya safari ya kwanza, na presha ipimwe. Bendera usiisahau: ufito mrefu kupita kichwa cha mtu aliyesimama, wenye kipande cha kanga nyekundu. Dereva wa daladala hatazami chini.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Morogoro. Mwanangu ana miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Miguu yake inakaza na kujipishanisha kama mkasi, na kiwiliwili kinaegemea upande. Mjomba wake aliyeko Uholanzi amepata baiskeli ndogo ya kuegemea iliyotumika, anauliza vipimo. Nimpelekee vipimo gani?*

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla haijasafirishwa. Wengi huuliza baada ya kulipia bandarini.

Mkalishe mtoto sakafuni, mgongo ukutani, shuka tu chini, si godoro. Miguu mbele. Pima kutoka ukutani hadi chini ya kisigino, kila mguu peke yake. Usimlazimishe kunyooka, pima vile anavyofika mwenyewe akiwa ametulia, na kama asubuhi na jioni vinatofautiana andika vyote viwili. Kisha kutoka ukutani hadi nyuma ya goti, toa upana wa vidole viwili: hicho ndicho kina cha kiti. Kiti kikiwa kirefu zaidi ya hapo kinamsukuma mbele na anaanza kuteleza. Kisha upana wa nyonga, na kutoka sakafuni hadi kwapani. Ongeza uzito wake na picha moja ya ubavuni. Futi ya fundi cherehani inatosha.

Hiyo ya kwapani ni ya kuweka mito ya pembeni. Mtoto anayeegemea hahitaji kufungwa kwa nguvu, anahitaji kitu cha kukutana nacho anapoegemea. Mito miwili ya sponji ngumu, mmoja chini kidogo ya kwapa la upande anaoangukia, mwingine kwenye nyonga ya upande wa pili. Kisha mkanda mpana wa nyonga, unaovutika kwenda chini na nyuma, si juu ya tumbo. Mkanda wa kifua ukihitajika uwe mpana na ukae kwenye mbavu. Ukiona unapanda kuelekea shingoni, kosa liko kwenye mkanda wa nyonga, umelegea, mtoto ameteleza.

Miguu inayopishana: mwambie mjomba atafute vipande vya kurefusha ekseli za pedeli, milimita 20 hadi 30 kila upande. Vinaitanua miguu. Ukiongeza vikombe vya visigino kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu, magoti mara nyingi yanaachana yenyewe. Yasipoachana, kabari laini katikati ya mapaja, imefungwa kwenye kiti, si kwenye mtoto.

Muulize mjomba swali hili pia: ukirudisha pedeli nyuma, zinazunguka bure au zinalisukuma gurudumu? Baiskeli nyingine za watoto hazina friiwili, gurudumu likizunguka pedeli nazo zinazunguka, na miguu haina hiari. Wapo wanaozipenda kwa mazoezi. Mimi kwa mtoto ambaye miguu inakaza ghafla nataka friiwili, ili miguu ikikataa kila kitu kisimame. Na nataka mpini wa nyuma wa wewe kushika, na breki kwenye huo mpini. Usikubali mpini usio na breki. Morogoro yenu ina miteremko upande wa Bigwa.

Cheni ifunikwe yote. Vidole vya miaka tisa vinapenda vitu vinavyozunguka.

*Fundi mambo. Nina miaka 24, Mwanza. Nilipata ajali ya bodaboda, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Nimenunua baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu kwa mzungu aliyekuwa anaondoka. Naendesha kwa mguu mmoja lakini inakwama, kila mzunguko kuna mahali mguu unafia. Halafu wana wananicheka, wanaiita kitanda cha wodi.*

Poa kijana. Mahali mguu unapofia ni pawili: pedeli ikiwa mbali kabisa na ikiwa karibu kabisa. Mwenye miguu miwili hapajui, kwa sababu mguu wa pili unamvusha. Wewe inabidi huohuo mmoja usukume na uvute. Kwa hiyo ufunge kwenye pedeli kwa kikombe na ukanda juu ya unyayo, siyo wa kuegeshwa tu. Tumia gia nyepesi kuliko unavyofikiri ni heshima, uzungushe haraka, uzito wa mwendo wenyewe ukuvushe. Krenki ya milimita 150 itasaidia, duara dogo halina mahali pakubwa pa kufia.

Kisha usiiondoe ile krenki ya kulia isiyo na mguu. Funga uzito pale pedeli ilipokuwa. Mguu wako wa kushoto una kilo zake, na kwenye nusu ya mzunguko unaunyanyua bure. Uzito wa upande wa pili unaunyanyua kwa niaba yako. Anza na kilo mbili za chuma, zilizofungwa kwa bolti na nati ya kujifunga, siyo waya wa kufungia matofali, na uzungushe kwa mkono kuhakikisha hazigusi fremu. Ongeza nusu kilo kidogokidogo mpaka uhisi mzunguko umelainika. Mwanza yenyewe ni miamba na vilima, utaithamini hiyo nusu kilo ukipanda kuelekea Bugando.

Kisiki usikiache kining'inie. Weka kibao chenye sponji chini yake, kikibebe kwa urefu wote wa paja, na kitambaa kisicho na mshono mahali pa kovu.

Ama wana. Mwaka 1914 Mswisi Oscar Egg aliendesha kilomita 44.247 kwa saa moja, rekodi iliyodumu karibu miaka ishirini. Mfaransa mmoja, Charles Mochet, alimtengenezea mwanawe mdogo kigari cha kupedeli kwa sababu baiskeli ilionekana ya hatari kwa mtoto. Watu wazima wakakipenda, akatengeneza vikubwa, na baadaye akatoa chenye magurudumu mawili: baiskeli ya kuegemea. Julai 1933, jijini Paris, Francis Faure, mwendeshaji ambaye hakuwa wa daraja la kwanza, aliikalia akafanya kilomita 45.055 kwa saa. Mabingwa wamekaa wima, yeye ameegemea, akawaacha. Mwaka uliofuata chama cha dunia cha mbio za baiskeli, UCI, kikabadilisha maelezo ya baiskeli ni kitu gani, na ya kuegemea ikatolewa nje. Haikutolewa kwa sababu ilikuwa ya wagonjwa. Siri yake ni upepo tu: aliyeegemea ana kifua kidogo mbele ya hewa.

Kwa hiyo wakiiita kitanda cha wodi, uwasubiri kwenye barabara ya uwanja wa ndege, ile tambarare, upepo ukitoka mbele.

*Salaam aleikum fundi. Mimi ni msomaji wa Likoni, Mombasa. Naendesha baiskeli ya mikono, kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi chochote. Toleo la mwezi juzi ulisema mtu ambaye kiti kinamwumiza abandike soli za kandambili, tabaka mbili. Nilibandika. Baada ya kwenda kwa dadangu na kurudi, saa nzima hivi, jioni nikakuta kidonda kwenye kitokono. Mimi sikuhisi lolote. Sasa nasikia nikate tundu katikati ya sponji ili pale pasiguse. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam dada yangu. Kosa ni langu na nalikubali mbele ya wasomaji wote. Nilijibu kana kwamba kila anayekaa huhisi anapokaa. Soli ya kandambili ni ngumu, inatosha kwa anayehisi, kwa sababu yeye hujisogeza kila dakika bila kujua. Wewe hujisogezi, na ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na kitu kigumu inakosa damu. Joto na jasho la pwani vinaimaliza.

Kwanza hicho kidonda kakionyeshe hospitali, na usikikalie mpaka kifunge. Najua ni kama kukwambia usitoke nyumbani, lakini kidonda cha kitokono kina tabia ya kuonekana kidogo juu na kuwa kikubwa chini.

Tundu usikate. Nilikuwa nalikata kwa wateja zamani, naona aibu. Sehemu ya katikati inaning'inia, kingo za tundu ndizo zinazobana pande zote, na damu inazuiwa kwa duara zima. Unachohitaji ni mto uliotengenezwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, uliopimwa kwa uzito wako na upana wa nyonga zako. APDK, ambao wanatengeneza viti na baiskeli hizi Kenya, wana tawi hapo Mombasa, nenda ukapimwe ukiwa na baiskeli yako, si bila baiskeli. Mto mnene utakunyanyua, na mikono yako itakuwa juu zaidi ya krenki. Kiti kishushwe kwa kiasi hichohicho, la sivyo kesho utaniandikia kuhusu mabega.

Ukirudi barabarani, kila robo saa simama, bana breki, jisukume kwa mikono juu ya pande za kiti mpaka makalio yaachane na mto, hesabu taratibu hadi sitini. Ukishindwa kujinyanyua, egemea mbele kifua kikaribie magoti, kisha kulia, kisha kushoto. Kila jioni kioo kidogo na taa. Mahali pekundu pasipofifia baada ya nusu saa ni kengele, siku inayofuata hakuna safari. Suruali isiyo na mifuko ya nyuma, isiyo na mshono mnene, na simu usiikalie. Nimeona kidonda chenye umbo la simu.

Zile soli za kandambili usizitupe. Zikate vipande, uvifunge kwenye vishikio vya krenki kwa tyubu kuukuu. Mikono yako inahisi, itakwambia kama nimekosea tena.